Shule ya kanisa imempokea mwanangu kwa mikono miwili. Je, nisaini mkataba?

Shikamoo mama mshauri,

Naomba mawazo yako kabla sijaweka sahihi mahali ambapo huenda nikashindwa kurudi nyuma.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi upande wa magharibi wa Phoenix, Arizona. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu Kusini. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na ndiko nilikoolewa. Kesi yetu ya kuja Marekani ilipopita, mtoto wangu wa tatu alikuwa bado wa mgongoni. Sasa ana miaka tisa na ana usonji. Maneno yake ni machache: maji, hapana, jina la dada yake. Shuleni wamempa tableti yenye picha; akibonyeza, inasema kwa niaba yake. Akifurahi anacheka mpaka anakaa chini. Kelele ndizo hawezi. Kengele ya zimamoto ikilia anajipiga kichwani.

Anasoma shule ya serikali na basi linamchukua mlangoni. Ana yale makaratasi wanayoyaita IEP, yanayosema atasaidiwa vipi. Mwaka wa kwanza alikuwa na msaidizi mmoja, mama mtu mzima aliyemzoea kabisa. Aliacha kazi. Tangu hapo wanakuja watu tofauti tofauti, na siku nyingine hakuna mtu. Ndipo simu zilipoanza: "Mama, njoo umchukue, leo hayuko sawa." Kuna wiki napigiwa mara mbili. Nafanya kazi ghalani, na ukiondoka kabla ya saa unawekewa pointi. Pointi zikijaa umefukuzwa. Siwalaumu walimu, wanatusaidia. Kambini mtoto kama huyu angeshinda ndani na bibi yake.

Mikutano ya IEP naenda na binti yangu mkubwa, ana miaka kumi na minne, ndiye anayenitafsiria. Wao wanaongea karibu saa nzima, yeye ananiambia kwa dakika chache, kisha nasaini. Mume wangu anaendesha trela za masafa marefu, hajawahi kuhudhuria.

Sasa kuna shule ya kanisa ambako familia mbili za kwetu zimepeleka watoto. Tulipokwenda kuangalia, mkuu wa shule alipiga magoti akamsalimia mwanangu kwa jina lake, akamkumbatia. Mwanangu hakumkwepa! Darasa lina watoto wachache, na kuna utulivu. Wanasema serikali ya jimbo italipa kupitia akaunti iitwayo ESA, na kwa sababu ana usonji fedha ni nyingi. Hawana mtaalamu wa usemi, ila wamesema watamjaribu muhula mmoja na Mungu atafungua njia. Mume wangu amefurahi sana. Ananiambia, "Hela ni ya serikali, shule ni ya Mungu, unataka nini tena?"

Lakini binti yangu alisoma mkataba kwenye simu, akaniambia kuna sehemu inayosema shule ya serikali haitakuwa tena na wajibu wa kumsomesha. Pia karatasi ya shule ya kanisa inasema wanaweza kumwondoa mtoto wakati wowote. Na mwanamke mmoja tunayesali naye mtoto wake alirudishwa nyumbani kabla ya Krismasi, kwenye shule nyingine ya aina hiyo, akakaa mpaka Februari ndipo akapata darasa.

Nisaini? Nikisaini kisha tukakwama, shule ya serikali watamkubali tena, au watakuwa wamekasirika? Na je, fedha hizi hazitatuletea shida kwenye uraia?

Mama wa Wanne, Phoenix

*

Marahaba, mama.

Unauliza kama usaini au usisaini, lakini naona maswali mawili yamefungwa pamoja: shule ipi inampenda mwanao, na ni nani atakayewajibika siku mambo yakiharibika. Mumeo amejibu la kwanza, na hajakosea kulijali. Wewe linakuogofya la pili, na pengine hujapata namna ya kumweleza.

Nianze na ESA yenyewe, maana imezungukwa na maneno mengi. Arizona iliianzisha mwaka 2011, na waliolengwa mwanzoni walikuwa watoto kama wako, wenye ulemavu. Mwaka 2018 wapiga kura walikataa kuipanua, lakini mwaka 2022 bunge la jimbo liliifungua kwa kila mtoto. Mtoto asiye na ulemavu hupata takriban dola 7,000 hadi 8,000 kwa mwaka. Kwa mwenye usonji, kutegemea jinsi tathmini ya shule ya serikali ilivyomweka, kiasi kinaweza kupita dola 30,000. Kwa hiyo aliyewaambia kuwa fedha ni nyingi hakuwadanganya. Fedha hizo zinalipa ada, zinalipa pia mtaalamu wa usemi mwenye leseni, mwalimu wa ziada na vifaa, na zinazobaki hazipotei mwaka ukiisha. Wapo wazazi waliompata kwa njia hii mtaalamu ambaye shule ya serikali haikuwahi kumleta. Sitaki usome jibu langu ukadhani ni mtego tu.

Binti yako naye amesoma sawasawa. Anayesaini mkataba wa ESA anaiondolea wilaya ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za serikali za eneo lenu, wajibu wa kumsomesha mtoto. Inabaki na kazi ya kumfanyia tathmini ikiombwa, basi. Uzito wa jambo hilo unaonekana ukijua wajibu wenyewe ulitoka wapi. Mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, likisema wakati huo kwamba watoto milioni moja walikuwa wamefungiwa nje ya shule za umma kabisa. Ndiyo sheria ambayo leo wanaiita IDEA, na IEP ya mwanao imetoka humo. Inataka kila mtoto mwenye ulemavu apate elimu inayomfaa, bila malipo; inakupa wewe kiti mezani; na inakupa mahali pa kulalamika yaliyoandikwa yasipotekelezwa. Mtoto akihamishwa na mzazi kwa fedha za ESA, haki hiyo ya mtu mmoja mmoja haimfuati. Shule binafsi inaweza kumsaidia vizuri sana, lakini kwa hiari yake. Na inapokuwa chini ya kanisa, hata sehemu ya sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inayozigusa shule nyingine binafsi haiihusu.

Wala si wewe pekee ambaye hukuelezwa. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza programu za namna hii nchini kote. Katika zile zilizotengenezwa mahsusi kwa watoto wenye ulemavu, asilimia 83 ya wanafunzi walikuwa kwenye programu ambazo hazikuwaeleza wazazi lolote kuhusu haki zinazobadilika, au ziliwaeleza mambo yenye makosa. Na miongoni mwa wazazi hao wamo wanaosoma Kiingereza tangu utotoni.

Sasa niruhusu nikuulize kuhusu shule mliyopo, kwa sababu nadhani unaiona nusu. Katika barua yako shule hiyo ni watu wanaowafanyia hisani, na ukilinganisha na kambini naelewa kwa nini. Lakini lile basi la mlangoni si hisani. Msaidizi, tableti, mtaalamu wa usemi, vyote ni deni lao kwa mwanao maadamu vimeandikwa. Je, msaidizi ameandikwa kwenye IEP? Ukikuta ameandikwa, basi siku ambazo hakuna mtu shule haitekelezi mpango wake yenyewe, na uhaba wa wafanyakazi, ambao Arizona ni wa kweli na wa miaka mingi, hauifuti haki ya mtoto. Asipokuwa ameandikwa, hilo ndilo jambo la kwanza la kudai.

Na zile simu, mama! Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako. Mtoto mwenye ulemavu akiondolewa shuleni kwa sababu ya tabia kwa zaidi ya siku kumi za masomo katika mwaka mmoja, na kuondolewa huko kukawa kwa mtindo ule ule, shule inapaswa kuitisha kikao kuangalia kama tabia hiyo inatokana na ulemavu wake. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa mwongozo ukisema kwamba hata kumpigia mzazi simu aje kumchukua mtoto mapema kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kumwondoa. Wewe ulidhani unaombwa msaada. Huenda mwanao alikuwa anasimamishwa masomo bila karatasi. Fungua simu yako, tafuta kila siku uliyopigiwa, andika tarehe na saa uliyofika. Siku nyingine wakipiga, uliza kwa upole kabisa: "Je, anasimamishwa? Naomba mniandikie." Wazazi wengi husema swali hilo pekee hupunguza simu, ingawa siwezi kukuahidi.

Kuhusu binti yako, nina maoni makali kidogo. Mtoto wa miaka kumi na minne hapaswi kubeba mkutano huo. Kanuni za IDEA zinaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa kikao cha IEP, pamoja na kumletea mkalimani, na hulipi hata senti. Omba kwa maandishi, wiki kadhaa kabla. Sema unataka mkalimani wa Kiswahili anayekielewa Kiswahili cha Kongo, kama hicho ndicho mnachoongea nyumbani. Akija mtu mnayepishana naye, una haki ya kusema hujaelewa na kuomba kikao kiahirishwe. Kwa hiyo hujawahi kuijaribu shule hii kwa haki zako zote. Umekuwa ukisaini muhtasari wa binti yako.

Je, hiyo ina maana ubaki? Sivyo ninavyosema. Kubaki nako kuna gharama. Unaweza kupata kikao kizuri, karatasi ikaandikwa vizuri, na msaidizi asionekane. Unaweza kupeleka malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo, ambayo kwa kawaida inapaswa kujibu ndani ya siku 60, lakini siku 60 kwa mtoto anayejipiga kichwani ni nyingi. Ipo pia njia ya tatu ambayo watu huisahau: shule ya serikali ikishindwa kabisa kumfaa mtoto, wazazi wanaweza kumpeleka shule binafsi na kuidai wilaya gharama. Ndivyo walivyofanya wazazi wa Endrew, mtoto mwenye usonji wa jimbo la Colorado, na kesi yao ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2017, ikasema mpango wa mtoto lazima ulenge maendeleo ya maana kwa hali yake, si kumshikilia darasani tu. Lakini njia hiyo ni ndefu, inataka mwanasheria, na kuna taarifa ya kutoa kabla ya kumhamisha. Huwezi kusaini ESA leo kisha kesho ukaidai wilaya kwa wajibu uliokwisha kuiondolea.

Na kama shida ni jengo hilo na watu wake, Arizona inaruhusu kuomba nafasi shule nyingine ya umma nje ya eneo lako. Shule za chata, zile zinazojiendesha zenyewe kwa fedha za serikali, nazo ni za umma, na zimefungwa na sheria ya IEP. Nyingine hazijajiandaa kwa mtoto kama wako, kwa hiyo kaulize kabla ya kufurahi.

Turudi kwa mkuu wa shule aliyepiga magoti. Ninaamini alimaanisha. Mtoto wako alimkubali, na watoto wenye usonji hawafanyi hivyo ili kukupendeza wewe. Lakini huruma ya mkuu wa shule haionyeshi nani atakaa na mwanao saa nne asubuhi kengele ikilia. Muulize hivyo hivyo. Muulize wana watoto wangapi wenye usonji sasa, na wangapi waliondoka katikati ya mwaka. Muulize kama nao watakupigia simu uje umchukue. Nani atamleta asubuhi, ikiwa basi ni la wilaya? Na kuna jambo ambalo sidhani mmelifikiria: tableti ile kwa kawaida ni mali ya wilaya. Akihama, huenda ikabaki, na sauti yake ikabaki nayo mpaka mnunue nyingine na kumzoesha. ESA inaweza kulipia, lakini ulizia kabla, si baada.

Neno "tutamjaribu muhula mmoja" ni la uaminifu, nawasifu kwa kutoficha. Ila linakuambia kwamba wao wenyewe hawana uhakika. Ahadi ni deni, walisema wazee. Hii waombe waiandike: watamfanyia nini, nani atamfanyia, na wakiona haiwezekani watakupa muda gani wa kujipanga. Wakikubali kuandika, hofu yako itapungua kwa sababu ya kweli. Wakikataa, mumeo naye atakuwa amesikia.

Swali la kurudi ni rahisi kuliko unavyoogopa. Ukifunga akaunti ya ESA na kumrudisha, wilaya mnayoishi inarudiwa na wajibu wake wote. Hasira ya mwalimu haina nafasi hapo. Kisichorudi ni muda. Mnaweza kuanza tena na tathmini na vikao, na darasa alilokuwa nalo huenda limejaa. Yule mwenzenu aliyekaa mpaka Februari, hata angeshinda kila kikao, wiki zile hazikurudi.

Uraia: sheria inawaondoa wakimbizi kwenye kile kipimo cha uhamiaji cha kuwa mzigo kwa serikali, na maombi ya uraia hayaulizi kama mtoto alisomeshwa kwa fedha za jimbo. Hatari ya ESA ni nyingine, nayo ni matumizi. Fedha zikitumika kwa kitu kisichoruhusiwa mnaweza kudaiwa mrudishe na akaunti ikafungwa, kwa hiyo mkiingia, risiti zote zikae mahali pamoja na asitokee mtu wa kuwaambia atawasimamia akaunti.

Kama sehemu kubwa ya mvuto ni kupata mtaalamu wa usemi, angalia kwanza mlango mwingine. Arizona ina kitengo cha jimbo kinachohudumia watu wenye ulemavu wa ukuaji, kifupi chake DDD, na usonji umo. Kupitia hicho na AHCCCS, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, watoto wengi wanapata tiba ya usemi na hata mtu wa kukaa nao nyumbani mzazi apumzike, wakiwa shule yoyote ile. Foleni zipo, lakini haikulazimu kusaini kuacha chochote. Na pale Phoenix kuna shirika liitwalo Raising Special Kids, kituo cha wazazi wa watoto wenye ulemavu, msaada wao ni bure. Waambie unataka kusomewa mkataba wa ESA mstari kwa mstari na mtu mzima anayeongea lugha yako, kabla ya kubonyeza popote.

Uamuzi wowote mtakaoufanya, chukua sasa nakala za IEP na za tathmini ya mwisho, uangalie tarehe yake. Tathmini inapaswa kurudiwa angalau kila miaka mitatu. Mkihama, kiasi cha fedha kinaitegemea. Mkibaki, hoja zako zitaitegemea pia.

Na mumeo usimwone kama mpinzani. Kwake, hii huenda ndiyo mara ya kwanza shule imempokea mwanawe badala ya kumrudisha. Ukimwambia "mkataba ni mbaya", atasikia unataka mtoto aendelee kufukuzwa. Mwonyeshe zile tarehe za simu ukishaziandika. Kisha omba kikao cha IEP chenye mkalimani, siku atakayokuwa nyumbani, na aombe ruhusa kazini mapema ili nayo isigeuke hadithi ya kusimuliwa. Habari zote za shule ya serikali amezipata barabarani, kwa simu. Hajawahi kukaa meza moja na watu hao akawauliza yeye mwenyewe.